Kila hadithi yangu ina sahani iliyofunikwa: tujadili yale yanayojirudia katika kazi ya mwandishi

MWANAMWALO (mleta uzi)

Salaam wanajukwaa. Humu kuna waandishi, walimu wa fasihi na wasomaji wa kweli, kwa hiyo jambo hili naliweka kwenu.

Naandika hadithi fupi, na makazi yangu ni Mwanza, Igogo. Siku hizi nazikusanya hadithi zangu zitoke kitabu kimoja. Kazi hiyo imenilazimisha kufanya jambo ambalo waandishi wengi hatulifanyi: kujisoma kwa mfululizo, kuanzia hadithi ya zamani kabisa hadi ya juzi, bila kusahihisha chochote. Nikakuta kitu ambacho sikukipanga. Karibu kila hadithi ina chakula kilichofunikwa.

Ipo hadithi ya mama anayeanika dagaa Mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Jioni akifika kwake anasonga ugali, anawapakulia watoto, kisha anakata kipande, anakiweka kwenye sahani ya bati pamoja na kichwa cha sato, anaifunika kwa sahani nyingine na kuipandisha juu ya kabati paka asiifikie. Ipo ya fundi wa injini za mitumbwi, ambayo nilikusudia iwe hadithi ya deni. Mkewe anaacha hotipoti kwenye benchi la karakana na kuondoka bila kumwita. Ipo ya kondakta wa basi la Sengerema, ambamo mtoto anakatazwa kugusa kipande cha mwisho cha sangara: "Hicho cha baba." Hata ile ya binti wa chuo Nyegezi, ambayo kila aliyeisoma ameiita hadithi ya mapenzi, mwenzake wa chumba anamtunzia wali kwenye bakuli na kuweka daftari juu yake kuzuia inzi.

Kuna jambo la pili, na ndilo lililoninyima usingizi. Katika hadithi zote hizo, msimulizi hasemi kamwe kama kile chakula kililiwa. Anayengojwa mara nyingine anarudi, mara nyingine harudi, lakini sahani yenyewe haifunuliwi mbele ya msomaji. Sikumbuki kuamua hivyo.

Shuleni tulifundishwa dhamira kana kwamba mwandishi hukaa mezani na orodha. "Mwandishi amejadili dhamira zifuatazo": mapenzi, rushwa, nafasi ya mwanamke, ujenzi wa jamii mpya. Unatoa mifano miwili kutoka kitabuni, alama zako unazipata. Sina ugomvi na mtihani. Ila utaratibu ule unatuachia picha isiyo sahihi ya jinsi kazi inavyozaliwa. Zipo dhamira ninazozichagua: niliamua kuandika juu ya nyavu haramu, niliamua kuandika juu ya mahari, niliamua kuandika juu ya mkopo wa kikundi unaomfilisi mama mmoja kwa makosa ya wenzake. Hizo ningeweza kukutajia kabla sijaandika sentensi ya kwanza. Suala la kungoja sikulichagua. Limekuja chini ya hizo zote, na limo hata pale ambapo hadithi haikulihitaji.

Limetoka wapi? Jibu jepesi lipo na nitalisema, ila sitaki liwe jibu lote. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imeshakaribia Mwanza, nilikuwa mtoto na tulikaa Igoma. Wengi waliotolewa majini walizikwa pale pale Igoma, na watu wazima wa mtaani kwetu walizungumza miaka mingi juu ya waliozikwa. Mimi niliyebaki naye kichwani ni jirani yetu ambaye wa kwake hakuonekana. Wenye makaburi walikuwa na mahali pa kwenda. Yeye hakuwa na kaburi, kwa hiyo hakuwa na siku ya kuacha kumtengea mtu wake chakula.

Hilo ni moja. Lakini huku ziwani kungoja ni sehemu ya kazi, kuwe na msiba au kusiwe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa; zamani karabai, sasa taa za betri na sola. Mbalamwezi ikishika, taa haina kazi, watu wanapumzika na kushona nyavu. Giza likirudi wanaingia majini tena. Maana yake nyumba ya mvuvi wa dagaa ina sehemu kubwa ya mwezi ambayo mama halali vizuri, anasikiliza upepo, na alfajiri anashuka mwaloni na ndoo yake kabla hajajua atarudi na nini. Aliyekulia kwenye nyumba ya namna hiyo haoni kungoja kuwa tukio. Kwake ni ratiba ya nyumbani.

Naendelea hapo chini na Kezilahabi, mwandishi wa riwaya na mashairi, maana ndiye aliyenifanya nielewe kwamba hili si langu peke yangu.

MWANAMWALO (mleta uzi)

Sehemu ya pili.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwa cha Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi hapa hapa Mwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi tunamjua kwa kitabu kimoja kimoja, kwa sababu shule inatupa kimoja kwa wakati. Nawashauri mzipange riwaya zake sita mezani kwa mwaka zilipotoka: Rosa Mistika 1971, Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975, Gamba la Nyoka 1979, Nagona 1990, Mzingile 1991. Zisomeni kwa mpangilio huo.

Kwa juu kila moja ina jambo lake. Rosa Mistika ni malezi: Zakaria anamlinda binti yake kwa kipigo, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na binti anapofika mbali na mkono wa baba hajui kujilinda mwenyewe. Kichwamaji ni msomi: Kazimoto anatoka chuo kikuu, anarudi kisiwani kwao, na kila anayekutana naye anamwacha mpweke zaidi. Dunia Uwanja wa Fujo ni mali na Azimio la Arusha. Gamba la Nyoka ni vijiji vya ujamaa. Ukiulizwa dhamira kwenye mtihani, hapo tayari unazo nne tofauti.

Sasa tazama zinakoishia. Rosa anajiua. Kazimoto anajiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo anaua na kuhukumiwa kifo. Halafu tazama zinakoanzia: karibu kila mara yupo kijana aliyetoka kwao, mara nyingi kwa ajili ya elimu, na sasa alikotoka hakumtoshi tena, wala alikokwenda hakumpokei. Hilo ndilo linalojirudia. Chini yake kuna swali moja: mtu akishaona kwamba dini, ukoo, elimu na siasa, vyote alivyoambiwa ashikilie, vimemponyoka, aishi kwa ajili ya nini?

Baada ya Gamba la Nyoka anakaa miaka 11 bila kutoa riwaya. Anaporudi na Nagona, Ukerewe haipo, mkuu wa wilaya hayupo, baba mkali hayupo. Umbo lenyewe la riwaya amelivunja. Vitabu vyembamba, vya mafumbo, vyenye msafiri anayetembea mahali ambapo huwezi kupatafuta kwenye ramani. Wapo wasomaji wanaoona kwamba huyu ni mwandishi mwingine kabisa. Mimi sioni hivyo. Alichoondoa ni mazingira, na swali la Kazimoto limebaki peke yake, halina pa kujificha.

Ndiyo maana sikubaliani na anayesema mwandishi anayejirudia ameishiwa. Kezilahabi alibadilisha kila kinachoweza kubadilishwa, hata kwenye ushairi: mashairi huru ya Kichomi, 1974, yaliwakera wengi walioamini kwamba bila vina na mizani hakuna shairi. Swali hakulibadilisha kwa sababu alikuwa bado hajamalizana nalo.

Karibuni tuchangie.

MWALIMU WA LUGHA

Mleta uzi, umeandika jambo zito. Nafundisha kidato cha tano na sita, nami naomba kuwatetea kidogo walimu wenzangu. Hatuna muda wa kusoma riwaya sita za mtu mmoja darasani. Tukipata mbili tunashukuru. Lakini nakubali kwamba orodha inawaharibu wanafunzi. Nikiwauliza nini kinajirudia Rosa Mistika, wananijibu "ulevi", kwa sababu Zakaria anakunywa kila baada ya kurasa chache. Pombe ya Zakaria inaonekana na kila mtu. Kinachojirudia ndani zaidi ni kwamba baba na binti hawazungumzi. Katika nyumba ile fimbo inasema, barua inasema, wao wenyewe hawasemi.

Hata sahani yako sisi tungeiita motifu, yaani kitu kinachojirudia, na kungoja ndiyo dhamira iliyo chini yake. Motifu inashikika, ndiyo maana ni rahisi kuanza nayo.

Nina swali. Umemtaja mwana wa Ukerewe mmoja, umemwacha mwingine. Aniceti Kitereza tunamjua kwa kitabu kimoja kikubwa. Nadharia yako ya kupanga vitabu mezani itamfaa vipi mtu wa kitabu kimoja?

MWANAMWALO (mleta uzi)

Mwalimu, shikamoo. Hilo la nyumba isiyozungumza nimelichukua.

Kitereza nilimwacha makusudi kwa sababu anahitaji uzi wake, lakini umeuliza, basi nijibu. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kukichapa kwa lugha hiyo. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980, naye akafariki 1981. Fikiria mtu anakaa na maneno yale yale zaidi ya miaka 30, anayapitia upya sentensi kwa sentensi katika lugha ya pili. Kwa mtu wa namna hiyo linalojirudia usilitafute kati ya kitabu na kitabu. Litafute kati ya sura na sura.

Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanakuja kumchukua. Mume hachukui mke mwingine, anamfuata huyu huyu ukweni, na anapewa sharti la kupeleka pombe ya ndizi kabla hajarudishiwa. Ukisoma haraka unasema: dhamira ni ugumba na mila za Wakerewe. Sawa. Lakini hesabu ni mara ngapi katika kitabu kile mtu anaondoka, anafuatwa, anapokelewa, analishwa, anasindikizwa hadi njiani. Safari ya ukweni inaeleza kila kilichopikwa. Mimi nasoma pale swali la nini kinawafanya watu wawili wasiachane wakati kila mtu anawaambia waachane, naye Kitereza anajibu kwa vitendo vidogo vya kila siku, tena na tena, bila hotuba. Yeye na mkewe hawakubakiwa na mtoto. Sitaki kusema kitabu ni maisha yake, maana amekiweka zamani, kabla ya wageni kutawala kisiwa. Nasema tu kwamba mtu hakai miaka yote hiyo na jambo lisilomhusu.

MDAU WA ILEMELA

Mkuu, naheshimu hoja yako ila naona hatari. Msanii akishajulikana kwa jambo moja, wasomaji wanataka lile lile, na wachapishaji wanataka lile lile. Kesho utaitwa mwandishi wa wanaongoja, keshokutwa utakuwa unatia sahani kwenye hadithi kama mtu anayetia chumvi. Kwa nini usijilazimishe kutoka? Andika kitu kisicho na ziwa kabisa.

MWANAMWALO (mleta uzi)

Mdau, hatari hiyo naiona, na nakubaliana na nusu yake. Hadithi ambayo nimeweka sahani kwa kujua ni hadithi ambayo sahani lazima itoke. Tangu niligundue hili, rasimu mpya naiandika hadi mwisho bila kujiuliza inahusu nini. Kuuliza ni baadaye.

Ila kutoka kwa kujilazimisha nakuambia ni kugumu kuliko unavyodhani. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 niliamua kuandika hadithi ya mwendo. Miaka yote tumekaa foleni ya kivuko, mabasi na malori, wagonjwa wanaokimbizwa hospitali ya Bugando wakihesabu magari yaliyo mbele yao. Sasa kilomita tatu juu ya maji zinapita kwa dakika chache. Nikasema hapa hapana kungoja, hapa ni furaha tupu. Nilipomaliza rasimu, mhusika mkuu alikuwa mama aliyekuwa akiwauzia abiria wa foleni mayai na mahindi ya kuchemsha. Mabasi sasa yanapita juu. Yeye anaendelea kuchemsha, anakaa pale pale. Daraja lilikuwa limeondoa foleni moja, kalamu yangu ikatafuta nyingine. Nilichagua mada, nilichagua mahali, nilichagua hata urefu wa hadithi. Yule mama sikumchagua.

MZEE WA BUSISI

Wanangu, mimi si mwandishi. Kijana wangu amenionyesha uzi huu kwenye simu kwa sababu ya kutajwa kwa Busisi, nami namwambia aniandikie.

Nimevua dagaa tangu enzi za karabai. Huyu mleta uzi nimemsikiliza vizuri, na hadithi yake ya yule mama na mahindi ni ya kweli, hao akina mama nawajua. Lakini nina neno. Hadithi zako zote zinakaa nchi kavu. Anayengoja ni mama, anayengoja ni mtoto, anayengoja ni mke wa fundi. Yule aliye majini umemweka mbali, hana sauti, ni mtu wa kurudi au kutorudi tu. Kwani sisi tulikuwa hatungoji?

Nikueleze. Taa ikishawekwa juu ya maji, kazi inakuwa ni kusubiri dagaa wajikusanye chini yake. Hakuna kuvuta nyavu kwa haraka, ukivuta mapema umepata maji. Mmoja anachota maji yanayoingia mtumbwini, mwingine kajifunika gunia, baridi ya ziwani si ya mchezo. Watu wanaongea kidogo. Unatazama taa za nchi kavu, unajua ipi ni ya upande wenu. Ikizimwa unasema moyoni, wamelala. Isipozimwa hadi usiku mkubwa, unaanza kufikiri kuna mtoto anaumwa. Hiyo nayo ni kungoja, tena ni kungoja kwa mtu asiyeweza kwenda kuuliza.

La pili. Umesema husemi kama chakula kililiwa. Kililiwa. Mimi nilikila. Unafika kumepambazuka, umeshapigana na bei ya mwaloni, tajiri amechukua chake, mafuta yamechukua chake. Ugali umekuwa mgumu, unaukata kwa kisu. Mchuzi umeganda. Ukianza kula watoto wanaamka mmoja mmoja, wanakuja kukaa pembeni, na kile kipande walichokatazwa jana usiku unawagawia wao. Mama yao anajua kitakwisha hivyo, na jioni atawakataza tena. Hilo hujaliandika.

MWANAMWALO (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma maneno yako nikasimama, nikaenda nje, nikarudi kuyasoma tena.

Umenionyesha kitu ambacho kusoma kwangu mwenyewe kusingenionyesha. Nilidhani sahani haifunuliwi kwa sababu hadithi inaheshimu wasiwasi wa wanaongoja. Sasa naona sababu nyingine inayowezekana: kamera ya hadithi zangu haijawahi kupanda mtumbwi. Msimulizi yuko kwenye urefu wa mtoto aliyekaa sakafuni, anaona miguu ya mama, anaona kabati. Mtoto huyo alilala kabla baba hajafika. Ndiyo maana hajui. Hilo ni jambo la kiufundi kabisa, la nani anaona na anaona kutoka wapi, na mimi nilikuwa nalitafutia maelezo ya kina zaidi.

Na hilo la kipande kinachokatazwa jioni na kugawiwa asubuhi linageuza maana yote. Katika hadithi zangu kile chakula ni cha mtu mmoja asiyekuwepo. Kwako kumbe ni cha watoto, kinapitia kwa baba kwanza. Mama anakitunza ili baba awe na kitu cha kutoa hata siku ambayo nyavu zimetoka tupu. Naomba ruhusa yako niliandike, bila jina lako wala la kijiji.

MZEE WA BUSISI

Andika. Ila usiandike kwamba nyavu zikitoka tupu mtu anahuzunika sana. Tunacheka. Aliyetoka tupu jana anamcheka wa leo. Huzuni ni ya siku upepo umebadilika, hiyo ndiyo hatuiongelei.

MSOMAJI WA NYAKATO

Mzee ametuvusha. Naongeza jambo moja la nje ya ziwa. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kijana kwenda Uingereza, akapata Tuzo ya Nobel 2021. Tangu Memory of Departure ya 1987 hadi Afterlives ya 2020, watu wake wanaondoka, wanaachwa, au wanajikuta mahali ambapo hakuna anayejua walikotoka. Mtu anaweza kusema anajirudia. Lakini katika Paradise anayeondolewa kwao ni mtoto, Yusuf, anayetolewa kwa tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, enzi za misafara, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika By the Sea ni mzee anayeshuka uwanja wa ndege Uingereza akiomba hifadhi. Jambo ni moja, amelitazama kwa macho ya mtoto na kwa macho ya mzee, na kila jicho limeona lake. Nadhani hilo ndilo analoombwa mleta uzi na Mzee wa Busisi.

Kwa hiyo hoja ya Mdau wa Ilemela naijibu hivi: kuchosha hakutokani na swali kurudi. Kunatokana na swali kurudi likiwa limekaa kiti kile kile.

MDAU WA ILEMELA

Hapo nimekubali. Nililokuwa nalilalamikia bila kulitaja vizuri ni hicho kiti.

MWALIMU WA LUGHA

Naomba kuuchukua uzi huu darasani, sehemu ya Mzee hasa. Nitawapa wanafunzi zoezi: chukua tukio moja kutoka riwaya uliyosoma, liandike upya kwa macho ya mhusika aliyekuwa mbali wakati linatokea. Mtu akiliandika tukio la Zakaria na ile barua kwa macho ya kijana aliyeiandika, ataona kitabu kizima upya.

BINTI KAMANGA

Samahani kwa kuchelewa, nimekuwa nasoma tu kimya. Mimi naandika mashairi, sijachapisha. Baada ya kusoma mwanzo wa uzi huu nikatoa daftari zangu zote. Mashairi yangu mengi yanaishia mtu akitoka mlangoni bila kuaga. Hata shairi la mvua. Hata shairi la harusi ya dada yangu, bibi harusi anatoka na shairi linaisha, hakuna aliyesema kwaheri.

Nimeogopa. Nimejiuliza kama nina tatizo. Rafiki yangu mmoja ameniambia niyachome nianze upya na mada za furaha. Mleta uzi, wewe ulipoona sahani hukuogopa? Na nifanye nini na mashairi haya?

MWANAMWALO (mleta uzi)

Dada, usichome kitu. Niliogopa, ndiyo, hasa ile siku ya kwanza, kwa sababu nilihisi kuna mtu amekuwa akisoma moyo wangu kabla yangu. Hofu hiyo ikatulia nilipoacha kuuliza "nina tatizo gani" nikaanza kuuliza "hii hadithi imeona nini ambacho ile nyingine haikuona". La kwanza linakurudisha kwako. La pili linakurudisha kwenye kazi, na kwenye kazi kuna la kufanya.

Mada za furaha hazitakusaidia, umeshaona kwenye harusi. Tazama mambo madogo badala yake. Katika yale mashairi, nani yuko ndani ya chumba mtu anapotoka? Amesimama au amekaa? Mlango unafungwa na nani? Kama kila mara jicho liko ndani, kwa nasaha ya Mzee wetu, andika moja ambalo jicho limetoka na yule mtu, uone anakwenda wapi na kwa nini hakuaga. Huenda alikuwa na sababu. Huenda aliaga, na aliyebaki ndani hakusikia.

Usiyape majina mapya, na usirekebishe hata mstari mmoja kabla hujayapanga. Weka tarehe tu, la zamani kabisa liwe la kwanza. Ukiwa tayari weka hapa matatu, lile la mvua, lile la harusi na moja la siku hizi. Mwalimu yupo, Msomaji wa Nyakato yupo, nami nipo. Tutayasoma kwa mpangilio huo.

BINTI KAMANGA

Nayaandika kwenye simu sasa hivi. La mvua ni refu, nitaliweka kwa vipande viwili.